Maji ya Kutazama

Mtu aliyekulia Ugogo huyajua maji kwa mzigo wake. Huyajua kwa uzito wa ndoo kichwani, kwa mwendo wa kwenda korongoni kufukua mchanga mpaka yachuruzike, na kwa mvua ijayo Desemba na kuaga Aprili. Mwambie mtu huyo kwamba wako watu wanaolipa fedha ili wakayatazame maji tu, wala wasiyachote, naye atadhani unamtegea kitendawili. Kitendawili hicho kimetufika mimi na mke wangu hapa Dodoma, na imetubidi tukitegue.

Binti yetu ni muuguzi huko Bergen, pwani ya magharibi ya Norwei. Kwa kuwa tumetimiza miaka arobaini ya ndoa, ametuandikia: chagueni safari ya meli katika maji ya kaskazini, gharama ni juu yangu. Akaambatanisha picha za meli za namna mbili. Ya kwanza ni kubwa kama mtaa, ina mabwawa ya kuogelea na kumbi za muziki. Ya pili ni ndogo, husafiri pwani ikipakia na kushusha mizigo na watu.

Picha zote zilionyesha fiodi. Fiodi ni mkono mwembamba wa bahari uingiao bara katikati ya milima. Bonde lake lilichongwa na barafu nene zamani za kale, kisha bahari ikalijaza. Ile ndefu kuliko zote Norwei, Sognefjord, yaingia bara zaidi ya kilomita 200, na kina chake chapita mita 1,300. Mke wangu alizitazama picha zile kwa muda, kisha akasema, "Mzee, hapa mbona kama tumepita?"

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mwaka 1991 nilihamishiwa shule moja ya Rukwa, tukapanda treni Dodoma hadi Kigoma, na kutoka huko tukapanda Liemba. Ziwa Tanganyika halikuchongwa na barafu. Ardhi yenyewe ilipasuka katika Bonde la Ufa. Lakini macho hayaulizi sababu. Milima ya Mahale, yenye kilele cha mita 2,462, yasimama juu ya maji vilevile, na ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470, kupita hata ile fiodi kubwa.

Liemba nayo ina ujamaa na meli za huko. Iliundwa mwaka 1913 Papenburg, Ujerumani, katika kiwanda cha Meyer, ambacho siku hizi chajulikana kwa kuunda meli kubwa za watalii. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, na mizigo hiyo ikasafiri kwa reli ya kati, ile ipitayo papa hapa Dodoma, ikaungwa tena Kigoma. Iliteremshwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isitekwe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, nayo ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Nakumbuka usiku ule honi ikilia gizani mbele ya kijiji kisicho na gati. Mitumbwi ikatujia na taa zake, watu wakaparamia na magunia ya dagaa, na mama mmoja akapokezwa mtoto wake kutoka chini. Kulipokucha tuliiona milima, lakini tuliiona tukiwa pamoja na watu waliokuwa wakienda kwao. Nadhani ndiyo sababu hatujaisahau.

Jambo hilo ndilo lililoamua meli. Zile ndogo za pwani ya Norwei zilianza safari mwaka 1893, zikichukua barua na abiria. Mpaka leo hutoka Bergen hadi Kirkenes, karibu na mpaka wa Urusi, na kutia nanga katika bandari 34. Meli yenye kazi humwonyesha mgeni nchi. Meli ya anasa huweza kumwonyesha zaidi meli yenyewe. Tukachagua yenye kazi, na chumba cha ndani kisicho na dirisha, kwani milima hutazamwa sitahani na dirisha la chumba ni ghali.

Majira yalitupa mjadala. Nilipenda baridi kali, ambapo Tromsø hukaa bila jua tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari, na mianga ya kijani hucheza angani. Mke wangu akanikumbusha magoti yake na utelezi wa barafu. Akachagua Juni: mtama umekwisha vunwa, na huko Nordkapp jua halitui hata usiku wa manane. Sisi ambao jua hututoka karibu saa ile ile mwaka mzima, hilo latosha kuwa ajabu.

Likabaki la fedha, nalo ndilo lililotunyima usingizi. Kwenda na kurudi ni siku 12. Gharama yake ingeweka tangi kubwa na mifereji ya kuvuna maji ya paa kwa ndugu zetu kijijini. Nilimwambia binti yetu hivyo kwa simu. Akanyamaza, kisha akasema, "Baba, miaka yote mmechota. Tangi nitalichangia. Hii ni ya macho yenu."

Hatukumkatalia, wala hatukukubali yote. Tutakwenda upande mmoja tu, Bergen hadi Kirkenes, siku 7, na nusu iliyosalia itangulie kijijini kabla ya mvua. Wako watakaotucheka kwamba tumeikata zawadi vipande. Mimi naona tusingeweza kuyatazama maji yale kwa raha huku tukijua nani bado anafukua mchanga. Msomaji, zawadi ya namna hii ikikufikia, usiikatae kwa aibu ya umaskini wala usiimeze nzima kwa uchu. Chagua meli yenye watu waendao makwao, na uondoke ukiwa huna deni la moyo nyumbani.