Nati ya Oili, Bungoma, 1984

Mwaka 1973 Mzee Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni ya uchukuzi, na kwa miaka kumi na mmoja iliyofuata mwenye gari lolote lililoweza kuongezwa kiti aliingia barabarani kutafuta nauli. Kisha ikaja sheria ya 1984. Gari lilitakiwa kukaguliwa na kupewa leseni ya kubeba abiria. Khocha, ndugu ya mama yangu, alikuwa na Peugeot 404, stesheni wagoni, iliyofanya kazi kati ya Kitale na Bungoma. Mimi nilikuwa utingo wake, kijana aliyetoka shule juzi tu. Na gari lile, mwaka ule wa ukaguzi, lilikuwa likivuja oili.

Naandika habari za uvujaji ule kwa sababu moja. Siku hizi nasikia mafundi wa chini ya mti wakitajwa kama watu wa kubahatisha. Mimi nilikuwepo fundi mmoja wa namna hiyo alipoifanya kazi yake toka mwanzo hadi mwisho, na hakubahatisha hata hatua moja.

Wasioijua 404 wajue kwamba haikuwa gari la kudharauliwa. Ilishinda Safari Rally mwaka 1963, ikashinda tena miaka mitatu mfululizo, 1966 hadi 1968, na watu wa kwetu waliofuata mashindano hayo redioni walikuwa tayari kuuza ng'ombe wainunue. Ilivumilia mashimo, ilivumilia magunia. Lakini hakuna injini inayovumilia kukosa oili.

Ugonjwa ulianzia katika gereji moja ya Kitale tulikopeleka gari kubadilishiwa oili. Kijana aliyekuwa akifunga nati ya chini, ile ya kumwagia oili, alichomeka bomba kwenye mkono wa spana ili apate nguvu zaidi, akavuta kwa uzito wa mwili mzima. Siku chache baadaye nikaanza kuona matone chini ya gari pale steji. Tukarudi kwake, akaikaza tena. Matone yakazidi. Tuliporudi mara nyingine, mkubwa wa gereji akainama, akatazama, akasema sili ya nyuma ya krankshafti imekufa na injini lazima ishushwe. Bei aliyotaja ilimfanya Khocha anyamaze njia nzima. Ulikuwa mwaka wa ukame, mwaka ambao watu walipanga foleni kwa mahindi ya njano kutoka Marekani, na abiria wenyewe walikuwa wachache kwa sababu fedha ya nauli ilikuwa inakwenda kwenye unga.

Ikawa tunaongeza oili kila asubuhi. Asubuhi moja tulipita Kiminini salama, tukapita Kamukuywa, na kabla ya kufika Misikhu taa nyekundu ya oili ikawaka. Khocha akazima injini papo hapo, gari likiwa bado linatembea. Hilo ndilo lililotuokoa. Dereva anayejiambia atafika tu kituo kijacho huanza kusikia injini ikigonga, na ikishagonga, beringi za krankshafti zimekwisha.

Nilipoingia chini, oili ilikuwa inatiririka kuzunguka kichwa cha nati. Mama mmoja aliyekuwa akienda Webuye akafungua kikapu chake, akakata kipande cha sabuni ya mche, akanipa bila kuulizwa. Nikaiponda pamoja na nyuzi za katani nilizochomoa kwenye gunia, nikaikandika pande zote za nati. Khocha akamimina galoni ya oili aliyokuwa nayo nyuma ya kiti. Tukaenda polepole. Harufu ya kiwanda cha karatasi cha Webuye ilipotufikia nilishuka nikachungulia: sabuni ilikuwa imeanza kulainika kwa joto. Tulipofika Bukembe nusu yake ilikuwa imekwisha kuanguka. Tuliingia Kanduyi taa ikianza kumetameta.

Fundi tuliyeelekezwa alikuwa mzee, kazi yake ilikuwa mjini Bungoma karibu na stesheni ya reli, jirani na mhunzi wa majembe. Khocha akamsalimu, "Mulembe, papa." Mzee akaitikia, akasikiliza habari yote, hata ya krankshafti, bila kukatiza. Kisha akaniambia, "Mwanangu, kwanza tuoshe."

Tuliosha tumbo lote la injini kwa petroli na kitambaa hadi chuma kikaonekana. Mzee akasaga chaki ya shule, akaipuliza juu ya sampu (karai la oili chini ya injini), kwenye maungio, na nyuma pale ilipodaiwa sili imekufa. Akawasha injini kwa muda mfupi, akazima, akatuita tutazame. Chaki ya nyuma ilikuwa nyeupe tupu. Doa lilikuwa moja, pembeni mwa nati. Akaeleza kwamba gari likitembea upepo huisukuma oili nyuma, ikalowesha kila kitu hadi kwenye gia boksi, ndiyo maana anayetazama bila kuosha humhukumu asiye na hatia. Khocha aliketi chini kwenye nyasi. Bado namwona alivyojifuta uso.

Oili ilimwagwa ikiwa vuguvugu, ndani ya sufuria safi, ikachujwa kwa kitambaa ili irudi, maana haikuwa ya kutupwa. Nati ilipotoka mzee hakutazama nati. Alitazama washa yake, kile kiduara cha shaba kinachokaa kati ya nati na sampu. Ilikuwa imebonyea upande mmoja, ngumu kabisa. Hapo ndipo alipotufundisha. Kinachozuia oili pale, alisema, si nguvu ya nati. Ni ulaini wa shaba, inayokubali kujaza mikwaruzo midogo ya chuma. Kila inapokazwa shaba huzidi kuwa ngumu, na ikishakuwa ngumu haijazi kitu, hata ukikaza hadi jioni. Unachopata kwa kukaza ni kuzila nyuzi za nati.

Akaichukua washa kwa koleo, akaenda kwa mhunzi, akaiweka kwenye makaa, mivukuto ikapigwa hadi ikawa nyekundu ya kukolea. Akaitumbukiza kwenye maji. Nikasema sasa itakuwa ngumu zaidi, kama jembe. Akanipa niikunje. Ikakunjika kwa vidole. Chuma cha jembe kikitoka motoni kuingia majini hukazika. Shaba hulainishwa na moto, na maji huipoza tu na kuitoa ukoko mweusi. Niliishika washa ile nikashangaa, na mshangao huo ndio ulionifanya niombe kazi ya ufundi mwaka uliofuata.

Akainyoosha juu ya chuma tambarare, akaisugua pande zote mbili kwa msasa mwembamba. Akapitisha kidole kwenye uso wa sampu, akaondoa kinundu kilichoachwa na bomba la Kitale. Nyuzi mbili za kwanza za nati zilikuwa zimelika, zilizobaki zilikuwa nzima. Akazisafisha kwa brashi ya waya, akaingiza nati kwa vidole vitupu hadi mwisho. "Ikikataa vidole," aliniambia, "usiilazimishe kwa spana. Itoe, uanze upya." Kisha akachukua spana fupi, akaishika karibu na kichwa chake, akakaza kwa kiganja na kiwiko. Bega halikusogea. Nilisubiri aongeze, hakuongeza.

Oili ikarudishwa, ikaongezwa, injini ikanguruma, na chaki mpya iliyopakwa ikabaki nyeupe. Mzee akasema gari lilale pale, akalitazame asubuhi. Malipo aliyoomba yalikuwa chini ya bei ya galoni ya oili. Khocha akataka kumwongeza, akakataa, akasema amefanya kazi ya washa moja na atachukua fedha ya washa moja.

Gari lilipita ukaguzi. Likafanya kazi miaka kadhaa tena katika barabara ileile, na kila tulipobadilisha oili washa ilitolewa na kupitishwa motoni, au ikawekwa mpya. Katika gereji yangu hapa Kitale washa mpya za shaba zinaning'inia kwenye waya kando ya mlango, za kila ukubwa, na vijana wanaojifunza kwangu hawaruhusiwi kuingiza bomba kwenye mkono wa spana wanapofunga nati ya oili.