Gobole la Mzee na Sheria ya Bunge



Wapendwa wanaparokia, juma hili tulikusudia kuendelea na tafakari yetu juu ya kitubio, lakini Jumapili iliyopita lilitukia jambo kigangoni ambalo limetunyima usingizi, nasi tumeona afadhali tuliseme kabla halijapoa.

Baada ya Misa ya pili, wanakwaya walipokuwa wakikunja mavazi yao, mzee mmoja mvuvi alibaki ameketi benchi la nyuma. Hakutaka kuungama, angetaka kuungama, msingesoma habari hii. Alitaka ushauri, naye ametupa ruhusa ya kuandika mradi tusimtaje yeye wala mwalo wake. Nyumbani kwake, juu ya dari, ana gobole alilorithi kwa baba yake. Halina leseni wala halijawahi kuwa nayo. Amesikia kwamba sheria ni kali na kwamba kila mara Serikali hutoa muda wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari.

"Baba Paroko," alisema, "sheria naijua. Lakini usiku wa giza nikiwa katikati ya ziwa, taa zangu za dagaa zinaonekana toka mbali. Dagaa wanaziona, na majambazi wanaziona. Nikishalipeleka lile gobole, nani atakuwa nami?"

Tulisita kumjibu, na sababu ya kusita kwetu ni deni.

Mwaka 2022 Serikali ilitangaza msamaha wa namna hiyo: mwenye silaha isiyo halali aisalimishe, asishtakiwe. Tulilisoma tangazo lile altareni kwa moyo wote, tukaliongezea maneno yetu juu ya nabii Isaya na panga zitakazogeuzwa kuwa majembe. Maneno yalikuwa matamu, tena wengi walitupongeza. Muumini mmoja, baba wa watoto watano, alitutii. Aliipeleka bunduki aliyokuwa ameificha, akarudi akiwa mwepesi kama aliyetua mzigo. Miezi michache baadaye walimvamia usiku ziwani, wakachukua injini, wakachukua nyavu, wakamwacha na mtumbwi usio na kasia na jeraha la panga begani. Je, bunduki ingemsaidia? Pengine ingemwua, maana wale wenzake walikuwa na silaha zilizo bora kuliko yake. Hatujui. Tunachojua ni kwamba kwa muda mrefu hakuonekana kanisani, na tulipomtembelea mkewe alitukaribisha kiti, akatuletea maji, asiseme neno.

Ndiyo maana tunapowasikia watu wakisema kwamba tatizo la silaha litakwisha sheria zikikazwa, tunakubali, kisha tunanyamaza kidogo.

Maana sheria kali tunayo. Nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilikutana Nairobi mwezi Machi mwaka 2000 zikatoa Azimio juu ya silaha ndogo ndogo. Tarehe 21 Aprili 2004, papo hapo Nairobi, zikatia saini Itifaki inayozitaka nchi kuandikisha kila silaha ya raia, kuitia alama, na kuwakataza raia kabisa kumiliki bunduki za rashasha na zile zinazojipakia zenyewe. Sisi Tanzania tulikuwa bado na sheria ya mwaka 1991. Sheria mpya, ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, imekuja mwaka 2015. Hesabuni wenyewe: miaka kumi na mmoja kutoka saini hadi sheria. Mtoto aliyebatizwa mwaka ule wa saini alikuwa amekwisha kupata Komunyo ya kwanza. Mwaka uliofuata, 2016, ukafanyika uhakiki wa silaha nchi nzima, wenye leseni wakapanga foleni kuonyesha bunduki zao. Mzee wetu hakupanga foleni. Asiye na leseni atahakikiwa nini?

Kwa wenzetu wa Marekani kikwazo kimekaa bungeni kwenyewe. Watoto ishirini waliuawa shuleni Sandy Hook mwezi Desemba 2012, na mwezi Aprili uliofuata pendekezo la kuwachunguza zaidi wanunuzi wa bunduki lilipata kura 54 katika Seneti, likaanguka kwa sababu zilitakiwa 60. Huko wapo watu wanaoiona bunduki kuwa haki yao ya kuzaliwa. Kwetu sijui kama yupo mbunge aliyewahi kuomba kura kwa kutetea magobole. Kikwazo chetu hakipo Dodoma. Kimelala juu ya dari ya mzee, nacho kina historia.

Tulipokuwa watoto huku Usukumani, wazee walitusimulia jinsi vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 vilivyokwisha kule mpakani vikaanza upya katika mazizi. Silaha za vita zilipenya vijijini, na wezi wa ng'ombe waliokuwa wakija na fimbo wakaja na bunduki. Dola ilikuwa mbali. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1980 yakazaliwa mambo ya sungusungu, ambao wengine waliwaita basalama, watu wa salama, wenye pinde na mishale na yowe la mwano linaloruka kutoka kijiji hadi kijiji. Serikali iliwatambua kisheria mwaka 1989. Tusiwapambe kupita kiasi: mikono yao nayo ilimwaga damu, na si damu ya wezi tu. Lakini angalieni walichofanya. Mwenye upinde hakumshinda mwenye bunduki kwa upinde; alimshinda kwa sababu yowe lake lilipopigwa, watu walitoka.

Kisha ikaja 1994. Tarehe 28 Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja tu, wakiyakimbia mauaji ya Rwanda. Wengi walikuwa mama na watoto, nasi Wakatoliki tusisahau kwamba kuwapokea lilikuwa tendo la huruma la taifa zima. Hata hivyo, vita vya jirani zetu vilipoendelea, silaha nazo zilitafuta njia, na kwa miaka mingi mabasi ya kupita mapori ya Biharamulo yalisindikizwa na askari. Na ziwa je? Ziwa letu lina kilometa za mraba zipatazo 68,800, nusu yake na kidogo zaidi ni ya Tanzania, iliyobaki ni ya Uganda na Kenya. Hakuna geti majini. Anayepora leo katika maji yetu anaweza kunywa chai kesho katika nchi nyingine.

Tuongeze jambo moja ambalo hapa Mwanza huwa hatupendi kulisema. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, iliyodokeza kwamba ndege zilizokuja Mwanza kuchukua minofu ya sangara zilihusika kuleta silaha za vita barani Afrika. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani, na watu wa mji huu waliandamana kuipinga. Kama filamu ilisema kweli au ilituonea, si kazi yetu kuamua hapa. Picha yake ya watu wetu, kwa maoni yetu, haikuwa ya haki. Lakini tangu siku zile, anayetaja silaha na Mwanza katika sentensi moja hutazamwa kama anayeuchafua mji. Kisha mwezi Oktoba 2012 Kamanda wa Polisi wa Mkoa, Liberatus Barlow, akauawa kwa risasi usiku pale Kitangiri. Tukazika, tukalia, tukanyamaza tena. Mvuvi alijiuliza: ikiwa Kamanda hakusalimika, mimi ni nani?

Mzee alitutega na kwa Maandiko, maana ni msomaji. Alitukumbusha kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 13, pale Wafilisti walipohakikisha hapana mhunzi katika Israeli, hata mkulima akalazimika kushuka kwao kunoa jembe lake, na siku ya vita Sauli na Yonathani peke yao wakawa na silaha. "Huo nao ulikuwa udhibiti wa silaha, Padre." Tulicheka, kisha hatukucheka. Ni kweli kwamba udhibiti umewahi kuwa hila ya wenye nguvu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia bunduki za kisasa zisiwafikie Waafrika, ilhali waliotia saini walikuwa wakija kututawala na zao mikononi. Kumbukumbu ya namna hiyo haifutwi na tangazo la gazetini.

Tulimjibu kwamba Bwana wetu, usiku ule wa kukamatwa, alikuta panga mbili tu kwa mitume, na lile moja lililotumika lilimkata sikio mtumishi, asiye na hatia kubwa kuliko wengine. Ndivyo zilivyo silaha za majumbani. Gobole lililofichwa darini haliwangoji majambazi wa ziwani peke yao. Linamngoja pia mjukuu mtundu, linangoja ugomvi wa mpaka wa shamba, linangoja usiku wa pombe. Tumezika watoto. Hili mzee analijua, maana mmoja alikuwa wa jirani yake.

Australia ilipokaza sheria yake mwaka 1996, baada ya mauaji ya Port Arthur, ilizinunua bunduki kwa fedha ya Serikali, zaidi ya 600,000. Sisi hatuna fedha hiyo. Tunampa mtu msamaha, nao ni kitu kikubwa, lakini msamaha haumsindikizi ziwani. Tunavyoona sisi, Bunge lilimaliza sehemu iliyo rahisi. Iliyobaki ni boti ya doria yenye mafuta, simu inayopokelewa saa nane usiku, na jirani anayetoka akisikia yowe. Hiyo ya mwisho haihitaji Dodoma, na hapo ndipo tuliposhindwa mwaka 2022: tulimwambia ndugu yetu asalimishe peke yake, akarudi ziwani peke yake.

Kwa hiyo Jumamosi hii saa kumi jioni, baada ya mazoezi ya kwaya, tutakutana kigangoni na viongozi wa jumuiya, wenyeviti wa vitongoji na wavuvi wa mialo yote mitatu, wawe Wakatoliki au la. Shehe wa pale sokoni amekubali kuja. Tutazungumza juu ya mitumbwi kwenda kwa makundi na juu ya nani ampigie nani. Ndugu yetu yule wa injini amesema atafikiri kuhusu kuja. Hatukumsukuma.

Mzee tulimwambia kwamba siku atakapokuwa tayari, tutakwenda naye kituoni, tutabeba lile gobole sisi wenyewe ikibidi. Alitutazama muda mrefu.

"Kituoni utakwenda nami, Padre," alisema, "hilo naliamini. Na ziwani?"