Kaka yangu na yale mambo ya darasani

Test zimepita, boom limeisha, tunaishi kwa chai na maandazi. Leo nina jambo zito kidogo, mnivumilie.

Wiki hii darasani (nasoma saikolojia, kwa wageni) tulifika kwenye msongo wa baada ya kiwewe. Yaani balaa limepita lakini kichwani halijapita: linamrudia mtu usiku, anakwepa kila kinachomkumbusha, akisikia kishindo anaruka. Mwalimu akatupa utafiti wa Marekani wa mwaka 1995, watu 5,877. Wanaume waliowahi kupatwa na balaa kubwa walikuwa karibu asilimia 61, wanawake 51. Lakini waliougua: wanawake asilimia 10.4, wanaume 5. Jamaa mmoja nyuma yangu akanong'ona, "si mnaona, wanawake dhaifu."

Nilitamani kumrushia daftari. Balaa zenyewe hazifanani! Wanaume walitaja zaidi ajali, mapigano, kushuhudia mtu akifa. Wanawake walitaja zaidi kubakwa. Na kubakwa kunaumiza akili ya yeyote: waliosema hilo ndilo lililowaathiri kuliko yote, wanaume asilimia 65 waliugua, wanawake karibu 46. Dhaifu nani hapo?

Ila tuseme ukweli, hata balaa likiwa moja wanawake mara nyingi huzidi. Baada ya bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi, Agosti 7, 1998, watafiti waliona hivyo hivyo. Lakini waliona pia kwamba aliyekaa kimya, asimweleze rafiki, naye alikuwa na dalili zaidi. Hapo ndipo nilipoacha kuandika notisi.

Kwetu ni Baray, kule bonde la Eyasi, vitunguu ndio kila kitu. Mei 6, 2017 kaka yangu alikuwa utingo wa Fuso la vitunguu kwenda Arusha. Wakafika Rhotia muda mfupi baada ya basi la shule ya Lucky Vincent kutumbukia korongoni. Walikufa watu 35, karibu wote watoto. Kaka alishuka kusaidia kutoa miili.

Mama alilia wiki nzima kwa habari za redio tu, wenzake wakamzunguka. Kaka hakulia. Aliacha utingo, akaanza gongo, akawa mtu wa ngumi. Mzee akasema pombe imemharibu, mtaa mzima ukaitikia. Hakuna aliyeuliza kwa nini kosta ya wanafunzi ikipita anageuza uso ukutani.

Hasira imo kwenye orodha ya dalili ya madaktari wa akili tangu zamani, na mwaka 2013 Wamarekani wakaongeza kujihatarisha ovyo. Nilimpigia jana, nikamsomea zote. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekata. Kisha: "Hao walioandika, walikuwepo Rhotia?"

Amekubali nimpeleke hospitali, ila sharti mzee asijue. Jumamosi napanda basi la Karatu. Mwenye kumjua daktari mzuri wa mambo haya Arusha aniambie kabla ya Ijumaa, tafadhali.