Gatitu, Saa Kumi na Moja Alfajiri

Wageni wengi wanaopanda matatu za Nyeri huja kuuona mlima, au kaburi la Baden-Powell, wakapiga picha na kurudi Nairobi jioni ileile. Usiku wa Nyeri hawaujui, na mimi nadhani ndiyo sehemu bora ya safari. Ushauri wangu ni huu: njoo Februari, lala Gatitu, amka saa kumi na moja alfajiri, uupe Mlima Kenya kisogo na utazame kusini.

Gatitu iko nje kidogo ya mji, katika wadi inayogawana jina na Muruguru. Ni nchi ya vishamba: kahawa mteremkoni, nepia pembezoni, ng'ombe wawili watatu nyuma ya nyumba, udongo mwekundu unaong'ang'ania viatu hata wakati wa kiangazi. Hapa ni zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Februari mvua za vuli zimekwisha huku masika hayajabisha hodi. Hewa ni kavu na baridi inauma masikio. Ukikutana na taa ya mulika mwizi, iache nyuma, ushuke kichochoro cha shambani mpaka migrevilea iukate mwanga wake.

Sasa tazama. Upande wa kulia Msalaba wa Kusini umeanza kulalia magharibi. Kushoto kwake zipo nyota mbili kali zilizosimama pamoja kama pacha. Ile ya kushoto zaidi, yenye rangi ya dhahabu, ndiyo Rijili Kantori, wanayoiita wanaastronomia Alpha Centauri. Kwa macho matupu ni nyota ya tatu kwa mwangaza katika anga lote la usiku, baada ya Shira na Suheli. Saa hizo inakaribia kilele chake, takriban nyuzi 30 juu ya upeo, yaani theluthi moja ya njia kutoka ardhini hadi utosini.

Pacha wa uongo, lakini. Hiyo jirani yake ya kulia iko mbali nasi karibu miaka 390 ya nuru, na inaonekana tu kwa sababu ni jitu. Suheli nayo, iliyowaongoza mabaharia wa Pwani kuelekea kusini, iko miaka 310 hivi ya nuru. Rijili Kantori iko miaka 4.37. Mche wa kahawa uliopandwa Gatitu siku mwanga huu ulipoianza safari sasa umeshaanza kuzaa. Basi huo ndio umri wa mwanga unaoingia machoni mwako. Kwa kilomita ni kama trilioni 41. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa 1977 na kinachokwenda kilomita 17 kila sekunde, kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kufika huko, kama kingekuwa kinaelekea upande huo, na hakielekei.

Nikiwa nimeinua uso hivyo, mzee mmoja alipita na mkebe wa maziwa.

“Kijana, umepoteza nini huko juu?”

“Namtazama jirani, guka. Nyota iliyo karibu nasi kuliko zote zinazoonekana.”

“Jirani gani huyo asiyekuja kunywa chai?”

Akaenda zake, maana maziwa hayasubiri unajimu.

Ingawa jicho linaona nukta moja, hapo pana majua mawili. Padri Mfaransa, Jean Richaud, ndiye aliyezitenga nyota hizi mbili kwa darubini akiwa Pondicherry, India, mwaka 1689. Kubwa, A, inashabihiana na Jua letu kiasi cha kushangaza: maada yake inazidi ya Jua kwa asilimia 8 hivi, upana wake kwa asilimia 22, na inang'aa mara moja na nusu. Uso wake una joto la nyuzi 5,500 za Selsiasi, sawa na Jua. Ndogo, B, ina joto la takriban nyuzi 5,000, na ndiyo maana imeegemea rangi ya chungwa: nyota ikipoa, mwanga wake husogea kuelekea wekundu. Mng'ao wa B ni nusu tu ya ule wa Jua. Ya tatu, Proxima, ndiyo iliyo karibu kabisa, miaka 4.24 ya nuru, ila ni hafifu mno kwa jicho lolote. Robert Innes aliigundua Johannesburg mwaka 1915, na mwaka 2016 ikapatikana sayari inayoizunguka kila siku 11.

Johannesburg hapo si bahati tu. Umbali wa Rijili Kantori pia ulipimwa Afrika. Thomas Henderson, Mskoti aliyeanza kama karani wa mawakili, alitumwa kwenye kituo cha kutazamia nyota cha Cape, akaichukia Cape kwa moyo wote, akaondoka 1833 na vipimo vyake mkobani. Dunia inapolizunguka Jua, nyota ya karibu huonekana kusogea kidogo mbele ya zile za mbali. Kwa Rijili Kantori msogeo huo hauzidi sehemu moja ya 2,000 ya digrii. Henderson alikuwa nao tayari, lakini akasitasita kuutangaza. Mwaka 1838 Mjerumani Bessel akatangaza umbali wa nyota nyingine, akaondoka na sifa. Henderson alichapisha wake 1839. Namhurumia, ingawa sidhani kama mtu aliyekuwa na jibu mfukoni kwa muda wote huo anaweza kumlaumu mwingine.

Wala Bessel asingeiona nyota hii kutoka Königsberg alikofanya kazi. London haichomozi hata siku moja, na Paris hali kadhalika. Sisi ikweta tunayo hapo Nanyuki, chini ya kilomita 50, kwa hiyo anga la kaskazini na la kusini yote mawili hutupitia. Wazungu waliojenga mahoteli ya kitalii Nyeri walisifu mandhari ya mchana. Wangesifu hili pia wangeamka mapema.

A na B huzungukana kwa takriban miaka 80. Mara ya mwisho zilipokaribiana kabisa ilikuwa 1955. Mwaka huo Nyeri ilikuwa chini ya hali ya hatari. Tangu 1954 serikali ya kikoloni ilikuwa inawahamisha watu kwa nguvu kutoka mashambani hadi vijiji vilivyozungushiwa handaki na miiba, na kafyu iliwafungia ndani usiku. Waliolitazama anga hili saa kumi na moja alfajiri walikuwa walinzi kwenye minara yao na wapiganaji msituni, Nyandarua na mlimani. Mtoto aliyezaliwa kijijini mwaka huo atatimiza miaka 80 nyota hizo zitakapokaribiana tena, mwaka 2035.

Hapo umbali kati yake utakuwa mara 11 ule wa Dunia na Jua. Zikiachana sana, kama ilivyokuwa 1995, hufika mara 35. Ajabu ni kwamba kwa jinsi njia yake ilivyoinamia upande wetu, sasa hivi zinaonekana zikitengana hata kama kwa kweli zinasogeleana. Darubini ndogo ya miguu mitatu inatosha kuziona mbili, ya dhahabu na ya chungwa, lakini katika miaka ya 2030 zitabanana na darubini hiyo itashindwa. Basi usiahirishe, na usije Juni: wakati huo nyota iko juu saa tatu usiku, saa ya starehe kabisa, ila ukungu wa Nyeri hukaa wiki nzima bila kuondoka. Februari, sweta nzito, na oda ya chai na nduma iwekwe tangu jioni.