Makarai ya Darajani

Swala ya Alasiri ilikuwa imekwisha kuswaliwa nilipofika Darajani, nikitokea bandarini kwa miguu. Msomaji asiyeijua Unguja aelewe kwamba mahali hapa pana jina hilo kwa sababu ya daraja lililovuka mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Maji yale yalikwisha kufukiwa, daraja halipo, na barabara kuu imepita juu yake. Soko lililojengwa mwaka 1904 lingalipo, likinuka samaki na karafuu. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na kando ya soko zilikuwa zimepangwa meza za futari: sambusa, bajia, katlesi, kachori, kaimati zilizorowekwa shira. Shangazi yangu wa Michenzani alikuwa ameniagiza sambusa ishirini.

Makarai mawili yalikuwa jirani. Katika la kwanza mafuta yalikuwa na rangi ya asali changa, na mapovu makubwa yalizizunguka sambusa na kupasuka papo hapo. Katika la pili mafuta yalikuwa mazito, yametandwa na povu jororo lililopanda hadi ukingoni na kukataa kutoka, na moshi wake uliyachoma macho ya wapita njia. Foleni ndefu ilikuwa kwenye karai la pili. Bei yake ilikuwa ya chini.

Nilimsalimu bibi mwenye karai la kwanza, nikamuuliza siri ya mafuta yake.

"Hapana siri, mwanangu," alisema, akiopoa makombo kwa chujio. "Mafuta yakichoka yanasema yenyewe. Mfuko ndio haupendi kusikia."

Bibi yule hakusoma kemia, lakini wanakemia wangekubaliana naye. Kila kinachotumbukizwa karaini huja na maji yake. Maji hayo hugeuka mvuke na kuyavunja mafuta, yakazaa asidi huru zinazoyafanya yatoe moshi mapema kuliko yalipokuwa mapya. Hewa nayo huyashambulia kwa juu, yakaanza kunuka na kupoteza vitamini E. Na kadiri joto linavyorudiwa, chembe zilizovunjika huungana tena kwa minyororo mirefu. Ndiyo maana mafuta makuukuu huvutika kama gundi, na chakula hutoka kimelowa. Moshi ule unaochoma macho una akrolini, gesi inayowasha pia koo na mapafu, na anayeivuta zaidi ni mpishi mwenyewe. Chumvi, makombo yaliyoungua, na vyombo vya shaba au vyenye kutu huharakisha yote haya. Mafuta ya alizeti, yale tunayoyapata Singida na Dodoma, huchoka upesi zaidi kwenye karai kuliko ya mawese, ingawa mbichi ni mazuri kwa mwili. Rangi peke yake isikudanganye: manjano ya bajia huyapaka rangi hata mafuta ya leo asubuhi. Tazama povu, moshi na uzito.

Zipo nchi zilizoweka sheria. India, tangu mwaka 2018, imeyapiga marufuku mafuta ambayo robo yake imekwisha kugeuka mazao hayo ya uharibifu, na mataifa kadhaa ya Ulaya yana ukomo wa karibu kiasi hicho hicho. Meza ya futari haina kipimo. Ina bibi.

Nilimuuliza kwa nini asiongeze mafuta mapya juu ya yale ya zamani, kama wafanyavyo wengi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa na mtoto. "Ukitia maziwa mapya kwenye yaliyoganda, utapata nini?" Yeye huchuja kila usiku kwa kitambaa, hufunika, huyaweka gizani, na siku ya tatu huyaaga. Dumu moja linamtafuna faida ya siku nzima.

Tulikuwa tungali tunazungumza alipokuja kijana na dumu tupu, akitaka kununua mafuta yaliyoagwa. Alisema ni ya kupikia sabuni. Bibi alimjibu kwa upole kwamba hana. Kijana alipoondoka, alinionyesha dumu chini ya meza, limejaa, limechanganywa na majivu.

"Mwaka jana nilimuuzia mmoja, naye alisema sabuni. Baada ya Tarawehe nikamkuta anakaangia chipsi, na wajukuu zangu wamepanga foleni." Akageuza sambusa. "Pesa ile niliihitaji, wallahi. Na mwaka huu naihitaji zaidi."

Nilifika Michenzani muda mfupi kabla ya Magharibi. Shangazi alikuwa jikoni akichoma kaimati, na moshi ulinipokea mlangoni kabla yake. Nilichungulia karai: povu lilikuwa limefika ukingoni. Kando ya jiko ilisimama chupa aliyokuwa akiirudishia mafuta tangu mwandamo wa mwezi, akiyaongeza kila yakipungua. Nami nilikuwa mgeni, tena mdogo kwake.

"Shikamoo shangazi," nilisema, nikaziweka sambusa mezani na kuzifunika kwa kawa. "Njiani nimezungumza na bibi mmoja, muuza sambusa."

"Marahaba. Alisemaje?"

Kwa mbali muadhini alikuwa akijaribu kipaza sauti. Nilizima jiko kwanza, kisha nikaanza kumweleza.