Funguo za Kompyuta ya Shule

Wasomaji wa Ikungi wajua ya kuwa ghala likiwa na mtu mmoja tu ajuaye ufunguo ulipofichwa, siku atakaposafiri mtu huyo wenyeji watalala njaa kando ya mtama wao. Sisi walimu tumeyaona mambo hayo shuleni, na ghala lenyewe lilikuwa kompyuta.

Katika shule moja, ambayo hatutaitaja jina, mwalimu aliyeitunza kompyuta kuu alihamishwa ghafula kwenda mkoa mwingine. Hakuwa na ubaya wo wote. Aliondoka na neno la siri kichwani mwake, kama mtu aondokavyo na kofia yake, na alama za wanafunzi za mihula miwili zikabaki ndani, zimefungwa. Simu yake haikupatikana kwa majuma mengi. Wenzake ikawabidi kukaa usiku wakizikusanya alama upya kutoka katika karatasi za mitihani, na baadhi ya karatasi hizo zilikuwa zimekwisha kufungiwa karanga sokoni. Wazazi waliotaka barua za kuhamisha watoto wao walikuja wakarudi, wakaja tena. Basi sisi tulipopata kompyuta ya namna ile ile, tuliazimu yasitupate hayo.

Kompyuta yetu kuu, yaani ile iitwayo seva, huendeshwa kwa Linux ya aina ya Ubuntu, ambayo ilianza kutolewa mwaka wa 2004 na hupatikana bila malipo. Jina hilo limetoka katika lugha za kusini mwa Afrika, wala Mswahili hana haja ya kufasiriwa, maana ni ndugu wa neno letu utu. Lakini seva hiyo huamriwa kwa maneno ya Kiingereza yaandikwayo herufi kwa herufi, na nukta moja ikikosekana haitii. Kwa sababu hiyo kila shule huwa na mjuzi mmoja tu, na wengine hupita mbali. Dawa tuliyoichagua ni programu ya kusimamia kompyuta iitwayo Webmin, aliyoitoa Mwaustralia Jamie Cameron mwaka wa 1997. Hiyo huyageuza maagizo yale magumu kuwa kurasa zenye majina na vitufe, zifunguliwazo katika kivinjari, kama mtu asomavyo habari za intaneti.

Kazi ya kuiweka si ndefu. Amri ya kwanza huleta hati fupi ya maagizo kutoka kwa watengenezaji wake. Hati hiyo huifundisha seva mahali pa kuipata Webmin na muhuri wa kuitambulia. Amri ya pili huileta na kuiweka. Kilichotuchelewesha ni bando la simu, ambalo lilikwisha katikati ya kazi, ikatubidi kwenda dukani. Baadaye, katika kompyuta nyingine, tuliandika anwani ya seva na namba ya mlango wake, ambayo ni 10000. Hapo kivinjari kilitoa onyo kali, na mwenzetu mmoja akasimama tayari kuuzima umeme. Onyo hilo lina sababu. Seva mpya hujiandikia yenyewe hati ya utambulisho, mfano wa mgeni afikaye kijijini na barua aliyojiandikia badala ya kuandikiwa na mtendaji wa kwao. Kwa kuwa mgeni huyu tulimwona akizaliwa mezani petu, tulimkaribisha.

Lakini hatukutaka kumwamini bila kipimo. Katika Linux yupo mtumiaji mmoja awezaye yote, ambaye Waingereza humwita kwa neno lenye maana ya mzizi, na Webmin hufanya kazi kwa uwezo wa huyo. Aishikaye Webmin ameishika nyumba nzima. Mwezi wa Aprili 2018 mtu asiyejulikana aliingia katika kompyuta ambamo Webmin hutengenezewa, akatia ubaya katika ukurasa wa kubadilishia neno la siri, ukurasa uliowekwa kwa ajili ya usalama! Walioiweka toleo la 1.890 waliipata mahali pake pa kawaida; unga ulikuwa umetiwa sumu kabla gunia halijashonwa. Mtu ye yote aliyeweza kuufikia mlango wake aliweza kuiamrisha seva pasipo neno la siri. Agosti 2019 jambo hilo likatangazwa, na toleo la 1.930 likaja kuliponya. Wako wanaosema kwamba kwa sababu hiyo chombo hiki kisiguswe. Sisi hatusemi hivyo, kwa maana amri za mkono nazo zatoka katika viwanda vya watu. Ila tumeiagiza isikilize kompyuta za chumba chetu tu, na mlango wa 10000 hauonekani kutoka nje. Kila Ijumaa mmoja wetu hutazama kama kuna toleo jipya.

Kisha tuliugawa uwezo. Webmin huruhusu kumpa mtu kurasa chache na kumfungia nyingine. Mwalimu wa taaluma aweza kuandikisha watumiaji na kutunza nakala za akiba, wala hawezi kufuta diski. Ili kujua kama jambo hili ni la kweli au la maneno tu, tulimwomba mwalimu wa historia, mama mmoja ambaye hajawahi kuipenda mashine yo yote, aandikishe mwanafunzi mpya huku sisi tumeketi nje chini ya mti. Alituita mara moja, hatukuitika. Akatuita kwa sauti kubwa zaidi, na kutaja umri wetu, hatukuitika. Baada ya dakika ishirini alitoka akasema kwamba mtoto yumo ndani.

Neno la siri la yule awezaye yote limeandikwa katika karatasi, likatiwa katika bahasha yenye sahihi za watu watatu juu ya gundi, na bahasha imo katika kasha la chuma la mwalimu mkuu. Neno likibadilishwa, bahasha ya zamani huchomwa mbele ya wote watatu. Moja imekwisha kuchomwa.