Munyaka: Kompyuta ya Michezo Haijengwi kama Nyumba

Ukifika Eldoret, mji ambao wenyeji huuita Sisibo kwa kuwa ulianzia kwenye shamba nambari 64, panda matatu ya Munyaka. Muda si mrefu utashuka katika mtaa wa wapangaji, wafanyabiashara wadogo na vijana wengi wanaosoma.

Kinachovutia macho hapa ni ujenzi. Mwenye ploti huanza na chumba cha mabati, baadaye akaongeza cha mawe, na mfuko ukiruhusu akainua ghorofa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba ziliteketezwa mtaani humu, na waliorejea iliwabidi kuanza upya, jiwe juu ya jiwe. Basi usishangae kijana wa Munyaka anayetaka kompyuta ya michezo akifuata desturi aliyoiona nyumbani: mwezi huu kadi ya michoro, mwezi ujao prosesa.

Hapo ndipo pesa za jasho hupotelea. Chumba kimoja hulalika hata kama cha pili hakijajengwa. Lakini kadi ya michoro iliyo peke yake haiwezi hata kujaribiwa, na dhamana ya duka huhesabiwa tangu siku ya kununua, wala si siku ya kuwasha. Ukiinunua Januari, ukaiwasha Desemba na kuikuta mbovu, utamlilia nani? Ni heri kuweka akiba, hata kwenye chama, kisha ununue vyote kwa mara moja.

Anza na skrini

Wengi huuliza kwanza habari za prosesa. Wewe anza na skrini, maana ndiyo itakayoamua mengine yote. Skrini ya kawaida ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600. Ile ya 4K ina 3840 kwa 2160, yaani 8,294,400, mara nne kamili. Pikseli hizo zote huchorwa upya mara 60 kwa sekunde ukitaka mchezo usisitesite, na mchoraji ni kadi ya michoro.

Kwa hiyo fungu kubwa la fedha liende kwenye kadi, na iwe na kumbukumbu yake ya GB 16 ikiwezekana. Prosesa ya wastani yatosha. Ongeza kumbukumbu ya kompyuta ya GB 32 na diski ya SSD. Mwenye mfuko mwepesi asione haya kuchagua skrini ya 2560 kwa 1440. Pikseli zake hazifiki nusu ya zile za 4K, na picha bado hupendeza.

Tena, uliza bei upya siku ya kununua. Mwishoni mwa 2025 bei ya kumbukumbu ilipanda ulimwenguni kote, kwa vile viwanda vilielekeza bidhaa zake kwenye mitambo ya akili mnemba.

Umeme na vumbi

Kadi ya RTX 4090 pekee yaweza kula wati 450, na RTX 5090 wati 575. Kompyuta inayotumia wati 600 kwa saa nne kila siku humaliza yuniti 72 kwa siku 30. Zidisha kwa bei ya tokeni kabla hujanunua chochote, hasa kama mita mnaitumia na majirani.

Usibane pesa kwenye pawa saplai. Ikiharibika vibaya yaweza kuangamiza na vingine. Hakikisha soketi ya nyumba ina waya wa ardhini, na utafute UPS inayomudu mzigo huo. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na kukatika kwa ghafla si jambo geni.

Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari. Baridi yake ni neema kwa kompyuta, ingawa hewa nyepesi hubeba joto kidogo kuliko ile ya pwani, kwa hiyo feni bado zahitajika. Wakati wa kiangazi iinue kutoka sakafuni na kupangusa vumbi mara kwa mara.

Usitegemee bahati

Kwa Kikuyu, munyaka ni bahati. Anayenunua kadi iliyotumika bila kuipima huitegemea hiyo tu. Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za michoro, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagwa sokoni. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, aendeshe mchezo mzito kwa nusu saa, na akupe risiti yenye nambari ya kadi.

Mzazi nawe, usiseme "michezo tu" ukafunga mlango. Kaa na mwanao mpige hesabu pamoja. Kompyuta hiyo hiyo huhariri video za harusi na kuchora ramani za nyumba, na kazi hizo Eldoret hazikosi wateja.